Asili ya Nywele

Hawa mwanangu,

Salamu hazina kazi hapa, maana umenisalimu sasa hivi, ukanibusu mkono na kutoka kwenda kumuaga Eddo Sahra, huyo shangazi yako wa Kisomali, dukani kwake. Nawajua nyinyi wawili. Hatakuachia kabla hujanywa vikombe vitatu vya chai ya tangawizi na kusikia habari za kila mjukuu wake aliyeko Garissa. Kwa hiyo nina muda mpaka magharibi. Nimekaa jamvini, mlango uko wazi, nakuandikia kwenye kurasa zilizobaki za daftari lako la kemia.

Sitakuambia ule nini, uvae nini kwenye baridi ya huko chuoni, wala unipigie simu siku gani. Hayo unayajua. Kuna jambo moja tu nataka kukuambia, nami nimelimeza kwa miaka kumi na moja.

Nimefungua begi lako. Nilitaka kukutilia leso yangu moja ya zamani, nikakuta umefunga chupa sita za mafuta yangu ndani ya taulo, kila moja na karatasi yake. Tatu umeziandikia "wasichana wa bweni". Mbili "akiba". Moja "maabara". Hapo nikakaa chini. Juzi uliponisomea ile barua uliyowaandikia watu wa ufadhili, nilicheka, nikakwambia umetia chumvi, kisha nikatoka nje kujifanya nachochea kuni. Uliwaandikia kwamba mama yako alikurudishia nywele zako ulipokuwa mtoto, na kwamba unakwenda kusomea dawa ili ujue ni kitu gani ndani ya mafuta yake kilichofanya kazi ile.

Hawa, mafuta yangu hayakukurudishia nywele. Na lile baka juu ya sikio lako la kulia, ambalo siku zote nimekwambia liliachwa na ugonjwa, halikuachwa na ugonjwa. Nililiweka mimi.

Sasa nimeshaandika, na nitaendelea.

Ulikuwa na miaka minane. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amefariki miezi michache kabla, na sisi tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka kwenye mahema ya mafuriko. Ukuta wa udongo ulikuwa bado unanuka mto. Asubuhi moja nakusuka uende madrasa, kidole changu kikateleza. Kulikuwa na duara nyuma ya kichwa chako, halina unywele hata mmoja, laini kama ndani ya kiganja. Baada ya wiki mbili yalikuwa matatu, moja juu ya sikio la kulia. Majirani wakasema ni mashilingi, ile choa ya kichwani. Nikakupeleka kwa daktari wa zahanati, yule mzee aliyekuwa akivaa miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso. Wewe ulimcheka mpaka nikakufinya.

Alikukagua kichwa polepole. Akasema hayakuwa mashilingi, kwa sababu ngozi haikuwa na magamba. Akanieleza kwamba wakati mwingine mwili wenyewe hukosea, ukaanza kuzipiga vita nywele zake. Akasema kwa watoto mara nyingi hurudi zenyewe, na kwamba zikirudi huenda zikaanza nyeupe kabla rangi haijarejea, nisiogope. "Mama, subiri. Nirudishie mtoto baada ya miezi miwili nimuone." Hakuandika dawa yoyote. Mimi nilitoka pale nimenuna. Mtu aliyekwenda kwa daktari anataka kutoka na kitu mkononi, hata kama ni kidonge cha maumivu, na mimi nilikuwa nimetoka kuzika mume na sikutaka kuambiwa tena nisubiri.

Kwa hiyo nikaanza kupika. Wakati ule nilikuwa nauza kasili tu, ile ambayo Eddo Sahra alinifundisha nilipofika Garsen, sijui mtu wala lugha ya mtu: majani ya mkunazi yaliyokaushwa kivulini, yakatwangwa na kuchekechwa mpaka yakawa unga wa kijani. Wasomali huoshea nywele na uso. Ukitia maji yanatoa povu. Eddo, ambaye huniita walalo, yaani ndugu, aliniambia tangu siku ya kwanza, "Walalo, hii sabuni. Usiambie mtu dawa." Mimi nikachukua mafuta ya simsim, nikachemshia habasoda, majani ya mwarobaini, majani ya mlonge na maji ya kitunguu, nikakupaka asubuhi na jioni. Ulinuka jikoni kutwa nzima. Paka wa jirani alikuwa akikufuata hadi madrasa, unakumbuka?

Nywele zikaanza kurudi. Kama ningekaa tu bila kufanya lolote zingerudi siku zile zile, lakini mtu aliyechochea chungu huamini chungu. Zikarudi nyeupe, vile vile alivyosema daktari. Vijiduara vitatu vya nywele nyeupe nyororo kwenye kichwa cha mtoto wa miaka minane. Wewe ulizipapasa ukasema, "Mama, nimeota sufi!" Wenzako wa madrasa wakaanza kukuamkia, "Shikamoo bibi," na wewe ukawa unawajibu, "Marahaba wajukuu zangu, leteni maji." Uliwanyima raha ya kukutania.

Nataka uyashike haya vizuri, Hawa, kwa sababu nimekaa nayo kwa muda mrefu. Wewe hukuona aibu. Aibu ilikuwa yangu. Wanawake walikuwa wakinyamaza nikifika bombani. Mmoja aliniuliza kama baba yako alikwenda na deni la mizimu, eti mtoto ndiye anayelipa. Nilirudi na ndoo nusu, nikaapa kwamba Idi haitakukuta na mvi.

Nilikwenda dukani kwa Eddo kununua hina. Nikamwomba pia pakiti ya ile poda nyeusi ya nywele, ile wanayochanganya kina dada wakachorea maua meusi mikononi. Eddo akaishika, hakunipa.

"Ya nani?"

"Ya mtoto."

"Apana, walalo. Hina peke yake sawa, itatoa wekundu, inatosha. Hii nyeusi itachoma yeye. Wacha."

Nikasema sawa, nikalipa hina. Kisha nikavuka barabara, nikaingia duka jingine, nikasema ni ya kwangu mwenyewe. Kwenye pakiti kulikuwa na maandishi madogo. Najua kusoma. Yalisema ijaribiwe kwanza mkononi, ingojewe siku mbili, na isipakwe mtoto. Nilisoma, halafu nikaichana pakiti.

Nikachanganya na hina, nikakamulia ndimu tatu ili rangi ishike. Nikakupaka, nikakufunga mfuko wa nailoni na kitambaa juu yake, nikakuketisha juani. Baada ya muda ukasema, "Mama, inachoma." Nikakwambia vumilia, ndiyo inashika. Ukavumilia. Wewe ulikuwa mtoto wa kusikia, na hilo ndilo linaloniumiza kupita yote, kwamba laiti ungekuwa mkaidi ungekimbia ukajimwagia maji. Uliniita mara tatu. Mara ya tatu hukuita kwa nguvu. Nilipokufungua, ngozi juu ya sikio ilikuwa imefura na kutoa maji, na jioni macho yako yalikuwa yamefumba kwa uvimbe.

Yule yule daktari ndiye aliyetupokea. Akaniuliza, "Umempaka nini?" Nikajibu, "Hina tu. Vitu vya asili." Akauliza tena, polepole, kama mtu anayekupa nafasi ya kurudi nyuma. "Hina tu?" Nikasema ndiyo. Alihitaji kujua ili akutibu sawasawa, na mimi niliona afadhali akutibu kwa kubahatisha kuliko anijue. Alikuosha, akakupa sindano, akakaa nawe mpaka uvimbe ukaanza kushuka. Kuhusu nywele nyeupe alisema neno moja tu: "Zingegeuka zenyewe, mama. Ungesubiri."

Na zikageuka. Miezi mitatu baadaye yale maduara mengine mawili yalikuwa meusi kutoka shinani, bila mtu kuyagusa tena. La juu ya sikio ndilo halikuota tena, kwa kuwa moto ule uliua shina. Ni baka dogo, kubwa kama jani la mkunazi. Nikakufundisha kugawanya nywele zako upande wa kushoto ili zianguke kulifunika, nikakwambia ni mahali ugonjwa ulipoingilia. Umekuwa ukizigawa hivyo hivyo mpaka leo, hata kitana chako kinajua njia.

Mambo yangeweza kuishia pale. Lakini watu walikuona na kichwa kimejaa nywele, wakaja kuuliza, na mimi nilikuwa mjane na kasili haikuwa ikitoka sana. Nikasema ni mafuta yangu. Sikusema mara moja kwa pupa, nilisema kidogo kidogo, kwanza "labda", kisha "naona", kisha ndiyo. Ndipo nikamwita yule fundi wa kuchora mabango aniandikie kibao. Nilimpa karatasi niliyoandika: MAMA HAWA, KASILI YA NYWELE. Yeye hakuwa mtu wa huku, neno kasili hakulijua, akadhani nimekosea herufi. Nilipotoka sokoni nikakuta kibao kimeshakauka: MAMA HAWA, ASILI YA NYWELE. Eddo alikiona akacheka mpaka akashika ukuta. "Wewe sasa Mungu? Asili ya nywele ni wewe?" Mji mzima ukaanza kusema, twende kwa Asili ya Nywele. Fundi akataka kurudisha ile K, akaja na brashi yake. Nikamwambia acha.

Niliacha kwa sababu niliona wanunuzi wanavyolisoma neno asili. Kasili ni majani ya mkunazi, mtu akiniuliza nitamwonyesha jani. Lakini asili haina jani. Naweza kutia chochote ndani yake na mtu akaamini hakimdhuru, kwa kuwa kimetoka kwenye mti. Neno lile nililomdanganyia daktari nikalitundika mlangoni, na likanilipia karo yako.

Watu husema kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi niliwapaka kwa mdomo wa chupa, mafuta halisi, yakawatiririka hadi shingoni, na bado niliwadanganya.

Kuna mama mmoja wa kijiji cha Wema ambaye umewahi kumuona hapa, yule mrefu anayefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nywele za mbele zilimtoka kwa miaka ya kusuka kwa kuvuta, na pale mbele pamekuwa laini, panang'aa. Amenunua mafuta yangu kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka kukumbuka. Kila akija nilikuita utoke uonekane. Unakumbuka? "Hawa, njoo umwamkie mgeni." Ulidhani ni adabu, kumbe ulikuwa kibao changu cha pili. Mwaka jana alikuja, akakutazama, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Hawa, nadhani ubaya uko kwangu. Mafuta ni mazuri, kwa mtoto wako yamefanya kazi. Ni mwili wangu tu umekataa." Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili tu. Badala yake nikampa chupa ya bure, naye akanishukuru akaniombea dua.

Wewe ulinifungua macho bila kujua. Ulipokuwa kidato cha tatu ulikuja jikoni na daftari hili hili, ukanikuta nimepaka hina kucha zangu, ukaanza kunifundisha. Ukasema ndani ya jani la hina mna kitu kinaitwa lawsoni, kinaushika unywele na kucha kwa sababu kinaungana na keratini, ile inayojenga unywele na kucha, ndiyo maana hakitoki hata ukisugua. "Mathe, hii ni kemia, si baraka." Nikakuuliza, kama mtu asiye na neno, je, kinaweza kurudisha rangi ya unywele uliotoka mweupe? Ukatikisa kichwa. Ukasema rangi yenyewe, melanini, hutengenezwa chini kwenye shina kabla unywele haujatoka, na hina inapaka tu ule uliokwisha kutoka. Ukanichorea shina, na vijichembe vinavyotia rangi, na ukasema vikilala hakuna mtu ajuaye kwa hakika jinsi ya kuviamsha. Halafu ukasema, "Labda mafuta yako yanajua." Ukanitazama kwa imani ile. Nikageuka kutazama chungu.

Nakuambia haya yote leo kwa sababu uliandika "maabara" kwenye ile chupa. Kama ungekwenda mbumbumbu, ningenyamaza nizikwe nayo. Lakini unakwenda kutafuta kitu, na mahali unapoanzia ni uongo wangu. Utapima mafuta yale mwaka mzima. Usipoona kitu utafikiri umepima vibaya, utajilaumu wewe, kama yule mama wa Wema anavyoulaumu mwili wake. Hilo siwezi kuliruhusu. Nimeshakuunguza mara moja kwa kukwambia uvumilie.

Sitaki uichukie mimea. Hina ina nguvu, nimeiona. Ndimu ina nguvu, ikipigwa na jua juu ya ngozi inaacha alama, na mkono wangu wa kushoto bado una doa la siku ile. Mwarobaini, habasoda, mlonge, huenda kila kimoja kina neno lake la kusema, sijui. Kosa langu ni kwamba sikutaka kujua. Niliposema ni vya asili, nilikuwa nimeshafunga mlango wa kuuliza, na wewe kazi yako sasa ni kuuliza. Ukikutana na mtu anayekuja kwako amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na huna cha kumpa, mwambie huna. Yule daktari alifanya hivyo nami nikamchukia. Leo namwona kuwa ndiye aliyetuheshimu kuliko wote.

Chupa tano nimezitoa kwenye begi. Ile ya maabara nimeiacha, lakini nimebadilisha karatasi yake. Nimeandika kila kilichomo, hadi vijiko, na chini nimeandika, "Hayajawahi kumrudishia mtu nywele, kwa ninavyojua mimi." Ukikuta ndani yake kitu chenye faida, niambie. Usipokuta, niambie pia, usinionee huruma. Jumatano nitakwenda Wema. Sijui nitaanzaje, lakini nitaingia kwa yule mama, nitavua kilemba changu na kukaa chini, mengine yatakuja yenyewe. Na kibao nitakirudishia herufi yake. Eddo atacheka tena, na kasili huenda ikanilisha na huenda isinilishe.

Eddo anajua, nadhani. Hakuwahi kuniuliza, ila tangu siku ile hajawahi kuniuzia ile poda nyeusi, hata nilipoitaka kweli kwa mvi zangu mwenyewe. Leo kama amekutazama kwa muda mrefu bila kusema, ndiyo sababu. Usimkasirikie. Alininyamazia kwa ajili yako.

Mwanzo nilifikiri niitie barua hii chini kabisa ya begi, uisome ukiwa umeshafika mbali, mimi nikiwa salama huku. Ningekuwa nimefanya tena kile nilichomfanyia daktari. Kwa hiyo nitaiweka juu ya mto wako. Utaisoma nikiwa chumba cha pili, na ukitaka kuja kunipigia kelele, mlango sitaufunga. Ukitaka kulia peke yako, lia, sitaingia mpaka uniite. Na ukiniita nitakuja mara ya kwanza.

Kila safari yako nimekusuka mimi. Kesho baada ya alfajiri nitakaa pale mlangoni kwenye kigoda, na kitana na yale mafuta ya nazi matupu, hayana kitu ndani. Usipokuja nitaelewa, nitakubebea begi mpaka stendi na sitasema neno. Ukija, ukaketi mbele yangu kama siku zote, sitazigawa nywele zako mpaka wewe uniambie njia ipite upande gani.

Mama yako